Sare Iliyorudi na Namba Yake

Simu ililia nikiwa namwogesha mwanangu kwenye beseni, mikono imejaa povu, nikaibana kati ya sikio na bega. Alikuwa mwenzangu wa zamani, niliyekuwa nikisafisha naye vyumba vya hoteli kabla ya korona. Hakunijulia hali. “Yule bi mkubwa wa pasi ametangulia. Azikwa adhuhuri. Ukiwa waja, njoo.” Nilimfunika mtoto taulo akiwa bado na sabuni masikioni, nikatoka. Hata hivyo nilichelewa. Nilipofika kwao jeneza lilishatoka, wanaume wameondoka nalo, na ua umebaki na sisi wanawake, mikeka na harufu ya udi. Kwa zaidi ya miaka ishirini mwanamke yule alinyoosha mashuka meupe ya watu wasiomjua, na siku aliyovishwa nguo nyeupe yake ya mwisho sikuwepo kushika hata pindo. Nikauliza alikuwa akiumwa nini. Presha, wakasema. Huku kwetu kila mnyonge hufa kwa presha, na hakuna anayeuliza ilipandishwa na nini. Mimi nitauliza, kwa kuwa najua, na kwa kuwa sehemu ya jibu ni mimi mwenyewe.

Mnaosoma safu hii mnajua sitaji watu majina. Leo kuna mawili matatu yananiwasha ulimi, lakini nitayameza. Yeye nitamwita mpiga pasi, maana kazi ndiyo aliyojivunia. Hoteli yenyewe, mali ya Mtaliano mmoja, iko njia ya Watamu, na mnaopita barabarani mnaiona kwa mbele, yenye maua na makuti yaliyokatwa sawasawa. Chumba chake kilikuwa nyuma, karibu na matangi, na joto lake lilikuwa la kuivisha mkate. Humo ndimo kila mfanyakazi alimopitia siku ya kuajiriwa. Ukishapewa barua yako, unatumwa kwa mpiga pasi na sare mpya mkononi. Anaigeuza kola, anachukua sindano na uzi mwekundu, anashona namba yako kwa ndani. Yake ilikuwa thelathini na moja. Yangu ilikuwa arobaini na nne. Alipomaliza kuishona alikata uzi kwa meno, akanirushia nguo, akasema, “Haya, sasa umehesabiwa.” Vibarua wa siku moja moja hawakushonewa. Wao walivaa sare zisizo na namba, na jioni waliziacha kapuni. Na mtu akifukuzwa, mtunza stoo alichukua wembe, akaifumua namba yake, nguo ikarudi kwa mpiga pasi kungojea mwingine. Kwa hiyo mama yule, ambaye hakupita darasa la nne, alijua habari za ajira za hoteli nzima kwa kutazama ndani ya kola tu. Alijua nani ameondoka kabla hata mwenyewe hajamaliza kulia.

Halafu korona ikaja. Wageni waliondoka kama kuku waliomwagiwa maji, na meneja akatukusanya bustanini, kila mtu mbali na mwenzake, akatuambia twende nyumbani kwa likizo isiyo na mshahara, mambo yakitulia tutaitwa. Tuliondoka na sare zetu. Hazikupita wiki nyingi, ukaja ujumbe kwenye simu: kila mfanyakazi arudishe sare, ikiwa imefuliwa, imepigwa pasi na imetolewa namba, kwa sababu za usafi. Mwanangu alikuwa na miezi minne. Nilimlaza, nikawasha makaa, nikaipiga pasi ile nguo mpaka mikunjo ikawa mikali ya kukata kidole. Nikachukua wembe, nikaifumua arobaini na nne yangu kwa mkono wangu mwenyewe. Wala sikujisikia vibaya. Sisi watu wa pwani tumelelewa hivi: chombo cha jirani hakirudi kitupu, na nguo ya watu hairudi chafu. Tulikuwa watu wa usafi, tena wa hoteli kubwa. Nani alitaka kusemwa kuwa karudisha sare yenye makunyanzi?

Foleni ilipangwa nje ya stoo, juu ya duara za chokaa zilizochorwa chini ili tusikaribiane. Kila mtu ana sare yake mkononi, imekunjwa kama zawadi ya harusi. Mpiga pasi akaja mikono mitupu, buibui lake na barakoa aliyoshona kwa kitambaa cha foronya. Hakujipanga. Alipita akitugeuzia kola moja baada ya nyingine.

“Namba mmezitoa wenyewe?”

“Tumeambiwa tuzitoe, bi mkubwa,” nikamjibu. “Ni mambo ya korona.”

“Korona yakaa kwenye uzi?”

Watu wakacheka. Mpishi mmoja, mtu wa maneno, akamtania kutoka nyuma: “Bi mkubwa, sema kweli, wataka kubaki na mali ya Mtaliano.”

“Mtaliano ataifanyia nini sare yangu? Na kiuno hiki, itamwenea?” Kicheko kikazidi, lakini yeye hakucheka. Akanisogelea mpaka mlinzi akampigia kelele arudi kwenye duara, asirudi. “Mwanangu, nisikilize. Miaka yote hii nimeona nguo za watu zikija kwangu. Yenye namba yaja kufuliwa, mwenyewe ataivaa kesho. Isiyo na namba, mwenyewe hayuko tena. Sijaona ya tatu. Wewe ndiwe uliyesoma. Kile kitabu wanachotia sahihi kimeandikwa nini?”

Mimi ndimi niliyesoma. Wenzangu waliniita Fomu Foo, kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne, kwa utani na kwa heshima pamoja, na barua zao za Kizungu nilizisoma mimi. Nilikuwa wa tatu kwenye foleni. Nikamwambia, “Ni kuandikisha tu kwamba tumerudisha.” Sikuwa nimekisoma. Zamu yangu ilipofika mtoto alikuwa akilia mgongoni, mlinzi anahimiza twende haraka tusikae pamoja, kalamu inafutwa kwa spiriti kila mtu akiishika, na juu ya ukurasa kulikuwa na mistari miwili ya Kiingereza yenye herufi kama sisimizi. Nikatia sahihi. Hizo zote ni sababu, nimezipanga na kuzipangua miaka mingi sasa, na hakuna hata moja inayotosha. Nyuma yangu nikasikia mtu akisema, “Msomi ametia, twende.” Wakatia wote. Mpiga pasi alitutazama mpaka wa mwisho, kisha akajiendea zake kwa miguu. Yule mpishi akamwimbia wimbo wa bibi harusi aliyekataa kuvua shela, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka na wengine.

Malango yalipofunguliwa tena hatukuitwa. Tulisikia tu kwamba taa zinawaka, kwamba bwawa limejazwa maji. Tukaenda. Langoni tukakuta wasichana tusiowajua wamevaa sare zetu, na mlinzi mpya akatuambia hoteli siku hizi haiajiri, tumwone wakala mjini, anatoa watu kwa miezi mitatu mitatu. Tukakimbilia ofisi ya chama cha wafanyakazi. Afisa wa chama hakuwa mtu mbaya. Aliandika barua, akapewa nakala ya ukurasa ule, akatuita atusomee. “Hapa mmesema mmerudisha mali ya hoteli na mmeacha kazi kwa hiari yenu,” akasema. “Nani kati yenu alisoma kabla ya kutia sahihi?” Watu wakatazama miguu yao. Hakuna aliyeninyooshea kidole. Hakuna hata aliyenitupia jicho. Ningetukanwa siku ile ningelala usingizi mpaka leo. Adabu yao ndiyo iliyonimaliza. Tulijifukuza kazi wenyewe, tukajipigia na pasi.

Ni mtu mmoja tu ambaye jina lake halikuwa pale. Basi yeye, aliyechekwa, ndiye aliyetukusanya. Mikutano ilikuwa ingali marufuku, kwa hiyo alituita uani kwake watatu watatu, kila mtu na ungo, tukichagua mchele. Apitaye nje angeona wanawake wanaotoa mawe kwenye chakula cha jioni. Chini ya ungo mmoja ilikuwepo barua, nami ndimi niliyeiandika, na kama mngependa kujua, ile ndiyo makala yangu ya kwanza. Nilianza kwa “Kwa heshima na taadhima.” Akaniambia nifute. “Heshima tuliwapa na sare. Waambie twarudi kazini, sote, kwa namba zetu.” Kila kundi likatia sahihi, likaenda zake na mchele wake. Ilituchukua siku nyingi. Naweza kusema sijawahi kuona watu wamekaa wima vile. Yule mpishi wa maneno aliandika jina lake lote na la babu yake, akakandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Jibu lilikuja fupi. Hoteli ilikuwa tayari kumrudisha mfanyakazi mmoja ambaye kumbukumbu zinaonyesha hakuacha kazi. Wengine waliobaki hawakuwa na madai. Afisa wa chama akamwambia mpiga pasi kwa upole, “Mama, wewe kesi yako iko wazi. Rudi.” Akauliza, “Na hawa?” Akajibiwa kwamba hawa hawana la kushika. Akajifunga buibui lake vizuri. “Basi waambie nyumba ile ina vyumba vingi. Nirudi peke yangu nimpigie nani pasi?” Wengine walimshangilia. Mimi nilimfuata mpaka nje, nikamgombeza barabarani mbele za watu. Nilimwambia ana kiburi, ana mjukuu wa kulisha, aingie ndani, angalau mmoja wetu awe ndani. Nilitaka aende, jamani. Nilitaka aende ili dhambi yangu ipungue kwa mtu mmoja. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa na pumzi. “Mwanangu,” akasema, “nikiingia peke yangu nitakuwa nimekubali kwamba nyinyi mliacha. Na nyinyi hamkuacha.” Akaenda kununua mkaa.

Sasa sikilizeni nilichofanya mimi. Nilikwenda kwa wakala. Maziwa yalikuwa yakinikauka, mwanangu analia njaa kifuani, na baba yake alikuwa amekaa bila kazi na hasira zake. Nikachukua miezi mitatu. Siku ya kwanza nilijifunika mtandio mpaka puani, maana nilijua mpiga pasi ameweka karai lake la viazi ng'ambo ya barabara, mkabala na lango lile lile. Akaniona. Akaniita kwa sauti ya kawaida kabisa. Nikavuka, nikamwamkia, “Shikamoo, bi mkubwa.” “Marahaba. Umekula?” Akanifungia viazi kwenye gazeti, akatia ukwaju wa kutosha. “Wanyonyesha, usiende na njaa ukaanguka chumbani kwa watu.” Nilisimama pale nikingojea aniseme. Hakunisema. Akauliza neno moja tu: “Wamewashonea namba?” Nikatikisa kichwa. Akageuza viazi vyake. “Basi hujaingia,” akasema, “kwa hiyo hujanisaliti. Nenda, utachelewa.” Miezi mitatu ilipokwisha sikuongezwa. Aliyekuja nafasi yangu naye alipewa viazi, na aliyemfuata. Mpaka juzi alikuwa pale, presha na jua, akilisha watu waliokaa kwenye kazi yake.

Nimesikia wakubwa wakisema kwamba ugonjwa ule ulituweka sote chombo kimoja. Chombo gani hicho? Wapo waliotoka humo wakiwa wakavu. Kabla ya korona mfagizi wa ofisi alikuwa na barua ya ajira, mlinzi alikuwa nayo, mpishi alikuwa nayo. Leo uliza. Wana wakala. Wana miezi mitatu, na mwezi wa nne wa kuomba. Ugonjwa umekwisha, lakini desturi iliyokuja nao imekaa, na sisi tumeizoea kama tulivyozoea kunawa langoni. Najua mtaniandikia, kama kawaida yenu, mniulize basi tufanye nini. Sijui. Nimeandika safu hii miaka kadhaa kwa hasira, na sijawahi kuona hoteli hata moja ikifunguliwa lango na makala. Dua la kuku halimpati mwewe, walisema waliotangulia, na mimi kuku huyu nimeomba dua hadi sauti imenikauka. Vyama vipo, sheria zipo, ofisi zipo na viti vyake vya kungojea. Mpiga pasi alikaa kwenye viti hivyo hadi akajua kipi kinayumba.

Siku ya tatu ya matanga walifungua sanduku lake ili nguo zigawiwe sadaka. Kanga zikaenda kwa majirani, buibui jipya likaenda kwa mpwa wake. Chini kabisa, ndani ya foronya, ikatoka sare. Imepigwa pasi. Kola ikageuzwa, na thelathini na moja ile pale, nyekundu vilevile. Binti yake akauliza, “Hii tuifanyeje?” Nikasema mara moja ibaki, ihifadhiwe kwa ajili ya mjukuu. Lakini shangazi wa marehemu, mwanamke mtaratibu sana, akakataa. “Hii si yake, mwanangu. Ni amana ya watu. Maiti halali na amana. Lazima irudi kwa wenyewe.” Nikamweleza. Nikamweleza foleni, kitabu, barua, viazi. Akanisikiliza kwa huruma kabisa. “Hayo ya dunia yamekwisha,” akasema. “Sasa tutazame kaburi lake.” Utambishia nini mtu anayeogopea kaburi la mtoto wa nduguye? Nguo ambayo hoteli nzima ilishindwa kumvua, tumemvua sisi, kwa mapenzi. Na kwa kuwa mimi ndimi niliyesoma, nikapewa mimi niipeleke.

Mtunza stoo ni yule yule, ila ndevu zimepata mvi. Alinijua. Aliposikia habari akainamisha kichwa, akasema, “Mungu amrehemu, hakuwahi kuniunguzia hata shati moja.” Halafu akafungua kitabu, akanigeuzia. Mistari miwili ya Kiingereza bado iko pale juu, na herufi zake zile zile. Safari hii nilisoma. Nilisoma kwa sauti, polepole, kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, na vijana wawili wa wakala waliokuwa wakibeba mashuka wakasimama kusikiliza. Kwamba mwenye sahihi hapa amerudisha mali ya hoteli na ameacha kazi kwa hiari yake. Mtunza stoo akasema, “Dada, mimi ni mtunza stoo tu.” Nikamwambia najua. Mahali pa sahihi nikaandika: *Hakuacha. Amefariki.* Nikakandamiza kalamu kama yule mpishi. Nilingoja anikatalie. Nilitaka anikatalie, nilikuwa na maneno ya kutosha mdomoni. Akakitazama kitabu, akakifunga. “Andika utakavyo, mradi nguo imerudi,” akasema, akavuta droo akatoa wembe. Akaigeuza kola mbele yangu. Mshono wa mpiga pasi ulikuwa mgumu, alilazimika kuurudia mara mbili. Nyuzi nyekundu zikaanguka mezani, akazipuliza.

Nilikuwa nimebeba hasira ya miaka, na nikasimama pale kama mteja. Sina ushindi wa kuwaletea leo, na marehemu hakuniachia wowote. Nina hili moja, nalo ni dogo, najua: wakikuambia ufumue namba yako, uinyooshe nguo, uilete mwenyewe, kataa hata kama huna la kushika, hata wenzako wakicheka, hata msomi wenu akiwaambia si neno. Kama kutolewa, itatolewa. Lakini usiitoe wewe. Mwache anayeitaka ashike wembe kwa mkono wake, nawe usimame umwangalie mpaka amalize.